Rais Alipokamata Viwanda vya Chuma

(Maneno haya karani mwenzetu wa mgodi aliyasema mbele ya wafanyakazi na watu wa mji. Tunayaandika kama yalivyosemwa.)

Wababa, wamama, na ninyi wandugu wa sendika,

Nimeombwa kusema juu ya serikali ya shirikisho, nguvu zake na mipaka yake. Watu wengi wakisikia neno "katiba" wanaanza kusinzia, wala siwalaumu, kwa sababu wenye kulisema mara nyingi wanalisema kwa Kifaransa kirefu. Leo nitaanza na jambo mnalolijua kuliko mawakili, ndilo mgomo.

Mwaka 1952 nchi ya Marekani ilikuwa katika vita ya Korea. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa wakifanya kazi bila mapatano mapya tangu mwisho wa mwaka 1951. Halmashauri ya serikali yenye kuangalia mishahara ilipima madai yao, ikasema inafaa waongezwe. Makampuni yakajibu kwamba hayatoi kitu mpaka serikali iyaruhusu kupandisha bei ya chuma zaidi. Sendika ikatangaza kwamba tarehe 9 Aprili watu wataacha kazi. Usiku wa tarehe 8 Rais Harry Truman akasema na nchi kwa redio na televisheni: viwanda vikubwa vya chuma vinakamatwa na serikali, na Waziri wa Biashara, Bwana Charles Sawyer, ndiye atakayevisimamia. Mameneja walibaki walewale, lakini waliambiwa kwamba tangu sasa wanafanya kazi kwa jina la serikali.

Naona wengine wanatabasamu. Mnasema moyoni: huyo ndiye Rais! Akamata viwanda vya matajiri kwa usiku mmoja, kwa kuwa wamewanyima watu mshahara! Tabasamuni, lakini ngojeni kwanza habari iishe.

Makampuni yalikwenda tribunalini. Tarehe 29 Aprili mwamuzi mmoja wa Washington, David Pine, akasema Rais hana nguvu hiyo. Shauri likapanda mpaka Tribunali Kuu, yenye waamuzi 9. Tarehe 2 Juni 1952 waamuzi 6 walisema Rais amevuka mpaka wake, 3 walisema hakuvuka. Na angalieni neno hili: wote 9 waliwekwa na Rais Roosevelt au na Truman mwenyewe. Mmoja wa wale 6, Tom Clark, alikuwa zamani waziri wa sheria wa Truman. Alikula naye, akamkatalia.

Walimkatalia kwa sababu gani? Hapa tuifungue katiba yao kidogo. Iliandikwa mwaka 1787, ikaanza kazi mwaka 1789. Imegawa kazi kwa watatu. Bunge, lenye nyumba mbili, linatunga sheria, linatoza kodi, linatoa pesa, linatangaza vita. Rais anatimiza sheria, anaamuru majeshi, anachagua mawaziri na waamuzi, lakini Senati lazima ikubali. Tribunali Kuu inakata mashauri, na tangu mwaka 1803 imeshika neno hili, kwamba sheria inayopingana na katiba si sheria. Rais akikataa kutia sahihi sheria ya Bunge, nyumba zote mbili zikipata theluthi mbili za kura, sheria inapita bila yeye.

Mimi karani nayaona mambo haya kama kazi ya malipo. Mwenye kuandika buku la mishahara hashiki ufunguo wa sanduku la pesa. Mwenye ufunguo haandiki buku. Na yuko mtu wa tatu anayekuja kukagua, ambaye hana buku wala ufunguo. Siku mtu mmoja akishika vyote vitatu, hata kama ni mtu mwema anayesali kila Jumapili, ninyi mnaopanga mstari dirishani mtapokea kile anachotaka.

Truman alijitetea hivi: mimi ni mkuu wa majeshi, askari wetu wako Korea, bila chuma hakuna silaha. Waamuzi walimjibu kwamba mkuu wa majeshi anaamuru askari, haamuru viwanda vya nyumbani. Kutwaa mali ya watu na kuilipia ni kazi inayotaka sheria, na sheria inatoka Bungeni. Tena Bunge lilikuwa limekwisha kulifikiri jambo lile. Mwaka 1947 lilitunga sheria juu ya migomo, inayoitwa Taft-Hartley, na wakati wa kuitunga lilikataa kuweka ndani yake ruhusa ya kukamata viwanda. Lilimwachia Rais njia nyingine: kuomba tribunali izuie mgomo siku 80. Truman hakuipenda sheria ile, wala sendika hazikuipenda. Aliikataa, Bunge likaipitisha bila yeye. Sasa mwaka 1952 aliiacha njia aliyopewa akashika asiyopewa. Alipeleka barua Bungeni akiwaambia waamue wanavyotaka. Bunge likanyamaza. Mnajua wakubwa wanaonyamaza ili lawama imwangukie mwingine. Wako huko pia.

Mwamuzi mmoja, Robert Jackson, aliandika maneno ambayo wanasheria wa nchi ile wanayashika mpaka leo. Alisema nguvu za Rais hazina kipimo kimoja siku zote. Akitenda pamoja na Bunge, ana nguvu kamili. Bunge likinyamaza, anatembea katika ukungu, na kila jambo litapimwa peke yake. Akitenda kinyume cha Bunge, amebaki na kile kidogo tu alichopewa na katiba yenyewe. Truman alikuwa katika hali hii ya tatu.

Habari yaishaje? Siku ileile Truman aliamuru viwanda virudishwe. Hakupeleka askari tribunalini, hakufunga mwamuzi, hakubadili katiba. Alikasirika, akatii. Na wafanyakazi wakaacha kazi, watu karibu 600,000, kwa siku 53. Siku 53 bila mshahara, hilo sina haja ya kulieleza katika nyumba hii. Mwisho walipata nyongeza, na makampuni nayo yakaruhusiwa kupandisha bei.

Kwa hiyo mtu atasema mpaka ule uliwaumiza wafanyakazi. Ndiyo, siku ile uliwaumiza. Sitaficha. Lakini sasa niwape habari nyingine, ya wachimbaji, ndiyo iliyonifanya nishike upande wangu.

Mwezi wa Aprili 1946 wachimba makaa ya mawe wa Marekani waliacha kazi. Tarehe 21 Mei Truman huyuhuyu aliikamata migodi. Safari ile alikuwa na ruhusa, sheria ya mwaka 1943 iliyotungwa wakati wa vita kuu. Tarehe 29 Mei serikali ikapatana na mkubwa wa sendika, John L. Lewis: kwa kila tani ya makaa senti 5 zitawekwa katika sanduku la kuwasaidia wachimbaji, wagonjwa, wazee na jamaa za waliokufa. Ni jambo kubwa, hata leo wachimbaji wa kule wanalikumbuka. Mpaka hapa, sifa kwa serikali.

Mwezi wa Novemba mapatano yakavunjika. Tribunali ikaamuru mgomo usifanywe, wachimbaji wakaacha kazi. Sendika ikatozwa faini ya dola 3,500,000, na Lewis mwenyewe dola 10,000. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1932 iliyokataza tribunali za shirikisho kuzuia migomo kwa amri za namna ile. Sendika ikasema: sheria hii ni ngao yetu. Tarehe 6 Machi 1947 Tribunali Kuu ikajibu: ni ngao yenu mbele ya wenye makampuni, lakini migodi sasa iko mikononi mwa serikali, na mbele ya serikali ngao hii haiwafuniki. Wakaipunguza faini ya sendika iwe dola 700,000, kwa sharti kwamba ikikosa kutii ile kubwa inarudi. Hukumu ikabaki.

Mmesikia? Mkono uliokamata mgodi kwa ajili ya mchimbaji ndio ulioishika sendika shingoni miezi 6 baadaye. Haukuwa mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo mimi sitaki mpaka wa kumfunga Rais mbaya peke yake. Rais mwema naye afungwe nao, maana hatujui kesho mwema atakuwa na hasira gani.

Wala mtu asidhani ninawasifu waamuzi kana kwamba ni malaika. Katika shirikisho kuna mpaka mwingine, ule kati ya serikali kuu na majimbo. Katiba ya Marekani inasema kwamba nguvu isiyopewa serikali kuu inabaki kwa majimbo au kwa watu; neno hilo liliongezwa mwaka 1791. Mwaka 1935 Bunge lilitunga sheria ya kupanga bei, saa na mishahara katika migodi ya makaa. Tarehe 18 Mei 1936 Tribunali Kuu ikaivunja. Ilisema Bunge lina nguvu juu ya biashara inayotoka jimbo moja kwenda jingine, lakini kuchimba si biashara, ni kazi ya mahali pamoja. Maana yake, makaa yakiwa chini ya ardhi ni habari ya jimbo, yakipanda gari la moshi ni habari ya Washington. Mchimbaji akisikia hivyo anacheka, kwa sababu yeye anajua kwamba hakuna anayemwamuru kuchimba ila kwa ajili ya gari lile.

Roosevelt alikasirika na hukumu kama hizo. Tarehe 5 Februari 1937 aliomba Bunge limruhusu kuongeza waamuzi mpaka 6. Watu wa chama chake walikuwa wengi sana katika Senati, na Senati ikakataa. Lakini kabla ya kukataa, tarehe 12 Aprili 1937, Tribunali ileile kwa kura 5 juu ya 4 ilikubali sheria ya kulinda sendika, katika shauri la kampuni ya chuma ya Jones & Laughlin. Ilisema mgomo katika kiwanda kikubwa unatikisa biashara ya nchi nzima. Katiba haikubadilika hata neno moja. Waamuzi ndio waliosoma kwa macho mengine.

Mtauliza: na sisi Kongo?

Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilitungwa na Wabelgiji. Ilikuwa nusu ya shirikisho: majimbo 6, kila moja na bunge lake na serikali yake. Kifungu cha 22 kilisema kwamba Mkuu wa Nchi anaweka na kuondoa Waziri Mkuu. Vifungu vingine vilisema serikali inasimama kwa imani ya Bunge. Ukisoma kifungu kimoja tu, mmoja ana haki. Ukisoma vile vingine, mwenzake ana haki. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasa-Vubu alitangaza kwa redio kwamba amemwondoa Lumumba. Usiku uleule Lumumba akatangaza kwa redio ileile kwamba Kasa-Vubu si Mkuu wa Nchi tena. Tarehe 7 nyumba ya madepite ikafuta maneno yote mawili. Tarehe 8 Senati ikasimama upande wa Lumumba.

Sasa nani akate shauri? Sheria ya Msingi ilikuwa imeandika tribunali ya katiba. Imeandikwa vizuri, kwa vifungu. Lakini haikuwa imesimamishwa: hakuna mwamuzi, hakuna kiti, hakuna mlango wa kubisha. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu alisema yeye anawaweka wote pembeni. Mkaguzi hakuwapo, basi mwenye bunduki akachukua buku na ufunguo. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa hapa Katanga, karibu na mji wetu. Kuna wanaosema kwamba hata tribunali ingekuwapo, wakubwa wa siku zile wasingeitii. Labda. Truman naye angeweza kukataa. Lakini kwake ilimpasa kukataa mbele ya watu wote, waziwazi, na kwetu hakukuwa na kitu cha kukataa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliandika tena tribunali hiyo, ya waamuzi 9, kila mmoja kwa miaka 9 bila kurudishwa. Watatu ni chaguo la Rais, watatu la Bunge, watatu la baraza kuu la waamuzi. Waamuzi wa kwanza waliapa mwezi wa Aprili 2015. Hesabuni wenyewe: tangu karatasi mpaka kiapo, miaka 9.

Wachezaji 11 wa Mazembe kila mtoto hapa anawataja, pamoja na wale wanaongoja kando ya uwanja. Nimeuliza wiki hii katika ofisi yetu, kati ya makarani waliosoma, nani anaweza kunitajia waamuzi 3 tu wa tribunali ile. Walitazama kalamu zao.

Sasa naketi. Mwenye swali asimame, aseme kwa sauti, wale walio nyuma wasikie.