Bando Lisiishe Kabla ya Fomu
Mazungumzo ya afisa wa TEHAMA na wakazi wa Eldas



Swali ninaloulizwa sana ni hili: kwa nini bando huisha kabla fomu ya HELB haijakamilika? Mara nyingi ni Windows yenyewe, inapakua masasisho kimyakimya.

Zamani kompyuta ya mezani inayotumia intaneti ya waya haikuwa na swichi ya kuzuia hilo. Ilibidi uingie regedit, sajili ya ndani ya Windows, utafute neno Ethernet na kugeuza 1 iwe 2. Vijana bado wanafundishana njia hiyo, ilhali tangu 2017 haihitajiki. Fungua Settings, nenda Network, chagua muunganisho wako, washa Metered connection. Masasisho mengi yatasubiri.

Mimi mwenyewe niliwahi kuchokoa regedit nikitaka mashine iwe nyepesi. Ikakataa kuwaka. Fundi alikuwa Wajir mjini. Nauli ikaenda, na picha za familia pia. Ukilazimika kuingia humo, bonyeza kwanza File, kisha Export, uweke nakala kwenye flashi.

Lakini msizime masasisho kabisa, kwa sababu ndiyo huziba mianya ya virusi. Mkipata Wi-Fi ya bure, ondoeni kizuizi mpakue.

Wenye Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma 14 Oktoba 2025. Njooni tuangalie kama mashine zenu zinakubali Windows 11. Leteni sanduku tu. Skrini na kibodi tunazo.