Uwanja wa Watoto Usilimwe
(Maneno ya mwalimu wa michezo mkutanoni)



Nasikia tambarare ya nyuma ya ghala la kahawa inatakiwa kulimwa maharage. Mimi nakataa. Wenzetu wa Mbamba Bay wana mchanga wa ziwani. Sisi huku Umatengo ni miteremko na ngolo tupu, tambarare tunayo hiyo moja, na watoto wanajifunza raga pale.

Wazazi, msiogope. Wadogo hawaangushani, wanachomoana vitambaa viunoni tu. Khanga kuukuu inatosha. Mpira haurushwi mbele kwa mkono, hurushwa pembeni au nyuma, basi mtoto lazima amwamini anayemfuata. Mnene, mwembamba, msichana, wote wana kazi. Jirani zetu Wakenya mwaka 2016 waliwafunga Fiji 30 kwa 7 kule Singapore!

Msimu wa kuchuma watasaidia, ila Jumamosi jioni tuwaachie. Maharage yana miteremko yote hiyo. Kura ni mkutano ujao, njoni.