Chungu Kabla ya Orodha: Elimu ya Lishe kwa Wanaosafishwa Damu katika Nchi ya Unyanyembe

Imezoeleka katika taaluma ya lishe kwamba mtu anayesafishwa damu kwa mashine, yaani anayepata huduma ya dayalisisi, huhesabiwa kuwa ameelimishwa pindi anapokabidhiwa karatasi yenye safu mbili, moja ya vyakula halali na nyingine ya vyakula haramu. Mhadhara huu unaipinga desturi hiyo kwa hoja kwamba karatasi hutaja majina ya vyakula, ilhali madhara na nafuu hutegemea zaidi yale yanayofanyika chunguni.

Msingi wa kitabibu unajulikana na hauhitaji kurefushwa. Figo zima hufanya kazi saa 168 kwa wiki, na mashine kwa kawaida hufanya kazi saa nne mara tatu, yaani saa 12. Kwa hiyo kati ya zamu moja na nyingine hujikusanya mwilini potasiamu, madini yanayoweza kuuvuruga moyo hata ukasimama, fosforasi, inayodhoofisha mifupa na kukakamaza mishipa, na sodiamu, inayozidisha kiu na maji mwilini.

Kasoro ya kwanza ya orodha ni kwamba nyingi zilitungwa kwa ajili ya meza za nchi nyingine, hivyo hukataza jibini na chokoleti kwa ukali mkubwa, na papo hapo hunyamaza juu ya michembe, ambayo ni viazi vitamu vibichi vilivyokatwa vipande na kuanikwa, na juu ya matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakakatwa na kuanikwa. Vyakula hivi ni akiba ya kiangazi kwa Wanyamwezi na majirani zao Wasukuma, na jua linapovikausha huondoa maji bila kuondoa madini, kiasi kwamba uzito ule ule wa michembe hubeba potasiamu nyingi kuliko kiazi kibichi. Mgonjwa wa Tabora, mji ulio katika nchi ya Unyanyembe, aliyeacha ndizi kwa utii na kuendelea na michembe ametii karatasi, lakini hajapona hatari.

Hapa utafiti mmoja unastahili kukaliwa kitako. Mwaka 2008 Paul Bethke na Shelley Jansky, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mpishi yeyote angeweza kulirudia: waliloweka vipande vya viazi mviringo katika maji, jambo ambalo wagonjwa wengi wamekuwa wakielekezwa kulifanya, wakakuta kwamba kuloweka peke yake hakupunguzi potasiamu kwa kiasi cha maana, kisha wakachemsha vipande, potasiamu ikapungua kwa takribani asilimia 50, na viazi vilivyokwanguliwa kabla ya kuchemshwa vikapoteza takribani asilimia 75. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba lilikipima kitendo, likaonyesha kuwa ukubwa wa kipande na joto la maji ndivyo vinavyoamua. Takwimu hizo ni za viazi mviringo, lakini kanuni yake, kwamba potasiamu huyeyuka katika maji na kutoka nayo, haichagui kabila la kiazi. Mwandishi wa mhadhara huu alilelewa na bibi ambaye hakumwaga hata tone la maji ya michembe, kwa imani kwamba nguvu yote imo humo. Kwa potasiamu, bibi alikuwa sahihi kabisa.

Kasoro ya pili ni kuhusu protini, kwa kuwa kabla ya dayalisisi daktari huweza kuipunguza, lakini mashine inapoanza kazi huondoa pia asidi amino, ambazo ni vijenzi vya protini, na mahitaji hupanda kufikia gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, sawa na gramu 60 hadi 72 kwa siku kwa mtu wa kilo 60. Anayeendelea kushika karatasi ya zamani hukonda huku akijiona mtiifu.

Kasoro ya tatu ni chumvi isiyoitwa chumvi. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutokana na chemchemi zilizo karibu na makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi, ilikuwa bidhaa ya thamani katika njia ya misafara, na uchimbaji wa akiolojia wa Sutton na Roberts, uliochapishwa 1968, ulionyesha kuwa kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Leo mgonjwa anayeambiwa aiache huiacha, kisha mlenda wake ukapikwa kwa magadi, ambayo nayo ni sodiamu.

Haki itendeke kwa orodha: ina faida pale muuguzi anapokuwa na dakika chache, na vipo vya kukatazwa moja kwa moja, kama tunda la karambola, lenye sumu ya neva ambayo figo lililokufa haliwezi kuitoa, na chumvi mbadala zinazotengenezwa kwa potasiamu. Hata baada ya kukiri hayo, inabaki kweli kwamba mwanafunzi halisi wa elimu hii ni yule anayeinjika chungu, ambaye mara nyingi hayupo kliniki karatasi inapotolewa. Kipimo cha kuelimika basi kisiwe kumtaka mgonjwa ataje vilivyokatazwa. Aulizwe mpishi wake: michembe ya leo ataichemsha kwa maji kiasi gani, na maji hayo atayamwaga wapi.