Maski ya kitambaa: sindano moja kwa kila nyumba

Maneno ya msimamizi wa kazi ya kushona, yaliyosemwa hapa Baraka mwanzoni mwa mwezi wa 7, 2020, mbele ya vikundi vya watu wasiofika 20. Tunayachapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakupata nafasi, na kwa wafadhili wetu.



Mnajua sababu ya kukutana vikundi vidogo-vidogo hivi. Tangu mwezi wa 3 serikali ilikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi ule, na tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Watu wa Kivu hatukuwa wageni wa mambo haya. Ebola ilitufundisha kunawa mikono na kuacha kusalimiana kwa mkono, na ile ya Kivu Kaskazini na Ituri imetangazwa kwisha juzi tu, tarehe 25 mwezi wa 6. Kitu kipya ni hiki cha kufunika mdomo na pua. Redio za Tanzania zinaita barakoa, hapa kwetu watu wanasema maski. Ni kitu kimoja.

Mie nimekuja na neno moja: kila nyumba ya mwanachama ijue kushona maski yake, hata kama haina mashini.

Najua kuna wamama wa atelye wanaoguna. Mmoja aliniuliza wazi: «Ukifundisha kila nyumba, sisi tutamuuzia nani?» Ni swali la haki, nitalijibu. Lakini kwanza tuone kazi yenyewe.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mashauri yake tarehe 5 mwezi wa 6: maski ya kitambaa iwe na tabaka tatu. La ndani, linalogusa mdomo, liwe pamba yenye kunyonya maji. La nje liwe kitambaa kisichonyonya maji upesi. La katikati ndilo la kuchuja. Kwa katikati wanashauri kile kitu kinachofanana na kitambaa lakini hakikufumwa, kama mifuko ile laini ya sokoni. Mfuko wa plastiki hapana! Utamziba mtu pumzi. Ukikosa ule laini, weka pamba ya pili.

Sisi tuko na vikwembe. Kikwembe kipya kifuliwe kwanza, maana kina wanga, kinabana pumzi, tena kinaruka kikiguswa na maji. Kata vipande vya sentimeta 25 kwa 15. Kikwembe cha yadi 2, ukipima vizuri, kinatoa vipande 49. Ukitumia kikwembe nje na ndani, ni maski 24. Ukichukua shuka ya zamani ao shati ya pamba kwa upande wa ndani, unapata 49. Hapo mnaona wenyewe faida ya kutotupa nguo kuukuu.

Panga vipande vitatu, shona pembeni kote, acha tundu la vidole viwili. Geuza, piga pasi ya makaa, kunja mikunjo mitatu inayotazama chini, kisha funga pembeni. Kwa mkono tumia mishono midogo ya kurudi nyuma, ile tuliyojifunza wengi wetu kule kambini Nyarugusu. Lastiki imekuwa ghali, lakini hatuilazimu: kamba nne za kitambaa zinatosha, mbili juu ya masikio, mbili chini ya kisogo. Tena kamba inamfaa mwenye kichwa kikubwa na mwenye kidogo.

Kabla ya kumpa mtu, inua maski kwenye jua. Ukiona mwangaza unapita kama kwenye chandarua, haifai. Sokoni ziko nyingi za tabaka moja, rangi nzuri sana, lakini hazina kazi.

Kila mtu awe na mbili: moja usoni, moja kwenye kamba ya nguo. Fua kwa sabuni na maji moto sana. Kama maji ni ya baridi, fua kwa sabuni kisha chemsha dakika moja. Makaa ni bei, basi weka sufuria kwenye mbabula chakula kikishaiva, moto ungali upo. Msiazimane, hata mume na mke. Mtoto wa chini ya miaka 2 msimvalishe, wala mtu asiyeweza kujivua mwenyewe. Na maski inayoning'inia kwenye kidevu haimlindi mtu yeyote. Kunawa mikono na kuachana meta moja kunabaki palepale.

Sasa swali la yule mama. Katika maski moja tunayouza franka 500, 200 zinarudi kwenye kitambaa na uzi, 200 ni za mshonaji, 100 zinaingia kasha la wagonjwa. Pesa hii imesaidia, sikatai. Lakini biashara ya maski inaishi siku za ugonjwa tu. Mshonaji anaishi kwa uniforme za shule, kwa viraka, kwa nguo za arusi. Masomo yatafunguliwa, na wazazi watatafuta bluu na nyeupe. Watamwendea nani? Yule aliyewafundisha wakati wa shida, ao yule aliyewaficha kipimo?

Tena tukumbuke tumetoka wapi. Tangu 2005 mashua zilitushusha hapa toka Kigoma, kila familia na vifurushi vyake. Hakuna aliyejenga peke yake. Kama nyumba ya jirani haina franka 500 mara watu 8, ugonjwa utaingia kwake, na kesho utapita kwenye ua kuja kwangu. Maski ya jirani inanilinda mie.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo matatu. Atelye iendelee kuuza kwa wenye uwezo, kwa mabutiki na makanisa. Kila mshonaji afundishe nyumba tano bure, kwa mkono, akiacha nao kipimo cha karatasi. Wazee na wajane wapewe mbili-mbili toka kasha letu.

Na kwa wafadhili: asanti kwa moyo wenu. Msitutumie maski zilizokwisha shonwa, zitaondoa kazi mikononi mwa wamama hawa. Tutumieni uzi, sindano za mashini, mikanda ya mashini za miguu, na sabuni. Mkanda mmoja ukikatika, mashini inalala, na mama wa watoto sita analala nayo.

Nyumba tano kwa kila mshonaji. Nitapita na daftari kuandika majina, na nyumba zangu tano ziko juu kabisa ya orodha. Mungu atulinde.