Moyo ni Pampu Yenye Milango Minne

Leo tumekuja na moyo wa mbuzi kwenye sufuria, na tunaona wengine wenu mmeshaanza kufikiria ugali. Subirini kwanza.

Tumeupasua katikati ili muone ndani. Moyo wa mtu una umbo kama hili, na ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Hukaa kifuani, ncha yake ikielekea kushoto. Una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta unaotenganisha upande wa kulia na wa kushoto.

Damu iliyokwisha zunguka mwilini hurudi upande wa kulia, hewa safi ikiwa imepungua. Chumba cha chini cha kulia huisukuma hadi mapafuni. Ikishapata hewa huko, huingia upande wa kushoto, na chumba cha chini cha kushoto huisukuma mwili mzima. Mama uliyekaa mbele, hebu bonyeza kuta hizi mbili. Huu wa kushoto ni mnene zaidi, sivyo? Mapafu ni majirani, lakini kufika vidole vya miguu ni safari.

Mtu mzima akitulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na husukuma karibu lita 5. Yaani mtungi wa lita 20 kwa dakika nne, usiku na mchana, bila likizo.

Sasa tazameni hizi ngozi nyembamba zilizoshikwa na nyuzi nyeupe. Huu ni mlango. Madaktari huuita vali. Milango hii iko minne. Hufunguka damu ipite, kisha hufunga isirudi nyuma. Ile sauti tunayosikia kifuani ni ya milango kufunga. Ninyi wenye kisima mnajua: raba ya pampu ikilika, unapiga mpaka jasho likutoke na maji yanarudi chini.

Hapo ndipo tulipokosea. Katika kikundi kimoja tunachokitembelea kulikuwa na msichana aliyekuwa akibaki nyuma kila tulipopanda mlima kuteka maji. Sisi wenyewe tulimwita mvivu, tena mbele ya wenzake. Alipopata mimba, akaanza kuhema hata akiwa amelala, miguu ikavimba. Hospitalini wakasikia mlango wa kushoto unavuja. Mama yake ndipo akakumbuka: akiwa darasa la tatu aliumwa koo na homa, na baada ya wiki kama tatu magoti yakavimba, kisha viwiko. Watu walisema anakua.

Haikuwa kukua. Kuna vijidudu vya koo ambavyo mwili ukipigana navyo, wiki mbili tatu baadaye hugeuka kupigana na viungo vyake wenyewe, pamoja na milango ya moyo. Watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio hupatwa zaidi. Maumivu ya magoti huisha. Kovu la moyo linaweza kubaki.

Koo nyingi hupona zenyewe, hasa zenye mafua na kikohozi. Lakini mtoto mwenye homa, koo jekundu, tezi za shingo zimevimba, na hakohoi, mpelekeni zahanati. Akipewa vidonge vya penisilini vya siku 10, amalize vyote, hata akianza kucheza siku ya tatu. Tunajua vinavyobaki huwekwa kwenye kikombe kabatini, vimngoje ndugu yake! Na mtoto aliyekwisha vimba viungo huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Inauma, hatuwadanganyi.

Yule msichana alijifungua katika hospitali kubwa, akiangaliwa kwa karibu, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini karibu nusu ya ile ya kawaida na moyo wenye kovu hulemewa. Tulimwomba msamaha. Siku hizi kikundi chake humtolea nauli ya sindano kutoka kwenye mchango wa kila mwezi, na kuteka maji wamemwondolea. Yeye ndiye mweka hazina.