Nisa ya Kale: Ngome ya Wafalme Waparthi



Waparthi wengi wetu tumekutana nao mara moja tu, katika Matendo ya Mitume, wanapotajwa mwanzo kabisa wa orodha ya mataifa yaliyokuwapo Yerusalemu siku ya Pentekoste. Kwa muda mrefu, aliyetaka kuwajua zaidi ilimbidi asome maandishi ya mahasimu wao Warumi, ambao jeshi lao lilipigwa vibaya huko Carrhae mwaka 53 KK na jemadari wao Crassus akauawa. Mada yangu inawatafuta kwao wenyewe: Nisa ya Kale, ngome ya kifalme iliyoko kijiji cha Bagyr, magharibi ya jiji la Ashgabat nchini Turkmenistani, chini ya milima ya Kopet Dag. Ninavyoona mimi, ngome hii ilikusudiwa zaidi kutunza heshima ya ukoo wa kifalme kuliko kupigania vita.

Kwa nje haionyeshi hivyo hata kidogo. Imekaa juu ya kilima, umbo lake la pembe tano zisizolingana, eneo lake hekta 14 hivi. Ukuta wake mnene wa udongo ulikuwa na minara zaidi ya 40. Makarani wake waliiita Mithradatkert, kwa jina la Mithradates wa Kwanza, aliyeutawala ufalme huo karne ya 2 KK na kuutanua hadi Mesopotamia.

Ukishaingia ndani, picha inabadilika. Mitaa ya nyumba za watu haipo. Raia walikaa jirani, Nisa Mpya. Kilichopo ni kumbi na maghala. Ukumbi wa Mraba una upande wa mita 20 hivi. Paa lake lilibebwa na nguzo nne kubwa, na kuta zake zilipambwa kwa sanamu za udongo zilizopakwa rangi, kubwa kumzidi mtu. Jirani yake upo Ukumbi wa Duara, wenye kipenyo cha mita 17 hivi. Kwa nje jengo hilo ni la mraba, duara unalikuta ukiwa ndani. Mafundi wa leo bado wanabishana namna lilivyoezekwa. Wataalamu wa Kisovieti walichora paa la mbao juu ya kuta zilizosimama wima. Timu ya Waitalia kutoka Torino, iliyoanza kuchimba mwaka 1990, ilibaini kwamba kuta zinaanza kupinda kuelekea ndani, ikapendekeza kuba la matofali. Mimi naegemea kwa Waitalia, maana wao wamesoma ukuta wenyewe uliobaki. Kama wako sahihi, fundi aliyefunika upana huo kwa tofali bichi alikuwa bingwa.

Tuje kwenye Nyumba ya Mraba, ua uliozungukwa na vyumba 12. Mwaka 1948 msafara wa Mikhail Masson uliichimba na kukuta vyumba vilivyozibwa milango, na ndani yake makumi ya vikombe vya pembe za ndovu, vyenye umbo la pembe ya mnyama. Mdomoni vimechongwa miungu ya Kigiriki. Nchani hutokeza kiumbe, pengine nusu mtu nusu farasi. Wafalme hawa waliwanyang'anya warithi wa Aleksanda Mkuu nchi, lakini ladha yao hawakuitupa.

Bado ushahidi ninaouthamini zaidi ni vigae vya mitungi iliyovunjika, zaidi ya 2,000, vilivyoandikwa kwa wino. Ni hesabu za ghala: mvinyo kiasi gani umepokelewa, umetoka shamba gani, umeletwa na nani, mwaka upi wa kalenda ya ukoo iliyoanzia 247 KK. Baadhi vinataja siki, na kila mwenye ghala anajua hasara hiyo! Yapo mashamba ya mizabibu yaliyopewa majina ya wafalme: Priapatius, Mithradates, Artabanus, Gotarzes. Ukiviweka vigae hivi kando ya vikombe na kumbi, unaona mahali palipoandaliwa karamu na ibada za kuwaenzi wafalme waliotangulia, huku mapato ya mashamba yenye majina yao yakigharimia shughuli hizo. Minara ililinda hayo.

Mnamo mwaka 224 BK Wasasani waliuangusha ufalme wa Waparthi. Nisa ya Kale yenyewe ilikwisha kupoteza hadhi yake zamani kabla ya hapo, na tangu wakati huo adui wake ni mvua na upepo. Tofali lisilochomwa hudumu likifunikwa. Likichimbuliwa, linaanza kumomonyoka. UNESCO iliiingiza Nisa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007. Kazi ya kila msimu ni kukandika kuta upya kwa udongo, na saruji isiguse kabisa, kwa kuwa hufungia unyevu ndani na tofali la zamani huoza nyuma yake.