Friji Haigandishi: Kabla ya Kusema Gesi Imeisha



Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa friji ya nyumbani na hitilafu zake za kila siku. Kuna kauli moja inayotawala kazi hii hapa Tanga, na sidhani kama Dar es Salaam au Mombasa wamesalimika nayo: "Gesi imeisha." Friji haigandishi, anaitwa fundi. Fundi anaweka kiganja juu ya kompresa, anatikisa kichwa, anatamka hukumu. Anajaza, anapokea chake, anaondoka. Baada ya miezi michache anaitwa tena, na anajaza tena. Mada hii nimeiandika kuipinga kauli hiyo.

Gesi ya friji haiungui wala haichakai. Imefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa kila kiungo, na inazunguka humo humo. Kompresa inaisukuma kwa presha kubwa ikiwa ya moto mpaka kwenye kondensa, yale mabomba meusi ya mgongoni. Hapo inatoa joto na kugeuka kimiminika. Inapita kwenye draya, ambayo hunyonya unyevu, kisha kwenye kapilari, kibomba chembamba sana. Ikitokea upande wa friza presha inashuka ghafla, inachemka na kufyonza joto la maji na nyama zilizomo, halafu inarudi kwenye kompresa. Friji basi haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje. Friji nzima hukaa na gesi ile ile ya kiwandani zaidi ya miaka 10, na friji nyingi za siku hizi zina chini ya gramu 100 tu. Ikipungua, ipo sehemu inavuja. Na mara nyingi haijapungua kabisa, tatizo liko kwingine.

Mahali ilipowekwa

Kwa kuwa kazi yake ni kutupa joto, friji inataka nafasi ya kulitupia. Majumbani kwetu friji nyingi zinakaa sebuleni, zimebanwa kati ya kabati na ukuta, na zimevishwa kitambaa cha kudarizi kinachoning'inia mbavuni, juu yake vase ya maua ya plastiki na redio. Sina ugomvi na urembo. Lakini friji nyingi mpya hazina mabomba nyuma; kondensa imefichwa ndani ya mbavu zake, ndiyo maana ukizigusa ni za moto. Wengi huogopa joto hilo na kudhani friji inaungua, kumbe ni dalili ya uzima. Ukizifunika kwa kitambaa, joto halina pa kwenda, kompresa haipumziki, na LUKU inakimbia. Acha kama sentimita 10 nyuma na nafasi mbavuni, na kitambaa kiishie juu. Usitoboe mbavu hizo kwa misumari.

Zenye mabomba nyuma zinahitaji brashi kila baada ya miezi michache, baada ya kuchomoa plagi. Sisi tulio pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Inakula mabomba ya chuma taratibu, na friji inayokaa barazani ikitazama bahari hupata kutu mapema. Hiyo ndiyo inayoleta uvujaji wa kweli.

Mlango na mikono yetu

Raba ya mlango ipimwe kwa noti. Funga mlango juu ya noti, kisha ivute. Ikiteleza bila kushikwa, hewa ya nje inaingia hapo. Zungusha noti pande zote nne, hasa upande wa bawaba na pembe za chini. Mara nyingi dawa ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kwa kuwa mikunjo ya raba imejaa juisi iliyomwagika na mafuta ya mchuzi. Iliyojikunja hulainishwa kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto. Iliyopasuka inabadilishwa.

Namba za kitufe cha baridi, 1 mpaka 7, si nyuzi joto. Namba kubwa ni baridi kali zaidi; nimekutana na nyumba nyingi wanakoamini kinyume chake. Anayetaka kujua ukweli aweke kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, akiache usiku kucha. Asubuhi kisome nyuzi 4 za Selsiasi au chini kidogo. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Niwaseme kidogo wauzaji wa barafu za ubuyu. Mama anapanga pakiti sitini za maji ya vuguvugu saa nne asubuhi, na tangu saa sita watoto wanagonga mlango, kila mmoja na sarafu yake, na friji inafunguliwa kila dakika. Jioni anasema haigandishi. Friji hiyo ni nzima, imezidiwa tu. Apange jioni zigande usiku, na za kuuza mchana azihamishie kwenye kasha la kuhifadhia baridi.

Hapa lazima atatokea kijana wa fizikia anikumbushe Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona nafasi kwenye friza inakwisha, akatia maziwa yake ya aiskrimu yangali moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyetia yake bila kuyachemsha. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne walichapisha jambo hilo, na wanasayansi wanalibishania hadi leo. Ni fahari yetu. Ila Mpemba hakuwa na sufuria ya wali na kiporo cha samaki kwenye friji hiyo hiyo. Chakula cha moto kinapasha joto vilivyo jirani na mvuke wake unageuka barafu ukutani. Kiache kipoe kidogo, kigawe kwenye vyombo vidogo, kiingie ndani ya saa mbili.

Kisu

Kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu leo, ningesema hili. Barafu ikijaa kwenye friza, msichana wa kazi anatumwa aitoe, na anachukua kisu cha jikoni. Evapareta ya friji nyingi, ile sehemu ya friza inapochemka gesi, ni bati jembamba la alumini lenye njia za gesi ndani yake. Ncha ya kisu inapenya, inasikika "sssss", na ukipapasa unakuta mafuta kidogo. Hapo gesi imetoka kweli, na kuchomelea alumini nyembamba ni kazi ngumu inayoshinda mafundi wengi. Friji hufa kwa ajili ya haraka ya nusu saa.

Chomoa plagi, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa ndani ya friza, tandika matambara chini. Barafu itabanduka yenyewe. Fanya hivyo inapofika unene wa nusu sentimita, usingoje mpaka mlango wa friza ukatae kufunga. Na ikiwa kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a, jua kuwa gesi hiyo inawaka. Ikitoboka, fungua madirisha, zima jiko, usiwashe wala kuzima swichi iliyo karibu, tokeni nje mpaka hewa ibadilike.

Umeme

Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Jioni mtaa mzima ukiwasha, waliopo mwisho wa laini wanapata pungufu. Kompresa inajaribu kuondoka, inashindwa, inanguruma sekunde chache, kisha inasikika "tak": kikinga-joto kimekata. Baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Ngurumo na "tak" ikiwa jioni tu, pima umeme kwanza. Ikiwa saa zote, pima rilei inayoisaidia kompresa kuanza, maana ni kifaa cha bei ndogo na kinabadilika kwa dakika chache. Ninasikitika kuona kompresa nzima zinatupwa kwa sababu ya rilei. Fundi, pima pini tatu za kompresa: kipimo kikubwa kati ya pini mbili kiwe sawa na jumla ya viwili vilivyobaki, na pini yoyote isisomane na bodi. Hapo mashine yako bado ina uhai upande wa waya.

Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, presha za pande mbili hazijalingana na kompresa inaanza kazi ikiwa imebanwa. Friji gadi inayochelewesha kwa dakika chache inaondoa balaa hilo. Asiyekuwa nayo achomoe plagi umeme unapokatika, airudishe dakika tano au zaidi baada ya kutulia. Chakula nacho: friji isiyofunguliwa hulinda kwa kama saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kila ukichungulia unazipunguza.

Friji inayopiga shoti mtu akiishika miguu mitupu isichukuliwe kama tabia yake. Waya wa ethi haupo, au plagi imechomekwa kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Itumike baada ya ethi kurekebishwa, si kabla.

Dalili nyingine

Friza inagandisha lakini chini hakuna baridi: kwa friji za nofrosti, zinazoyeyusha barafu zenyewe, shaka ya kwanza ni feni, au njia ya hewa iliyozibwa na barafu kwa sababu hita, taima au sensa ya kuyeyushia imekufa. Mwenye nyumba anaweza kuizima siku nzima mlango ukiwa wazi. Ikirudi kupoza vizuri kwa siku kadhaa na kuharibika tena, jibu ni hilo, na halihusiani na gesi. Maji yakijaa chini ya droo ya mboga, kitundu cha kutolea maji kimeziba. Kizibue kwa mrija na maji ya uvuguvugu. Friji inayotetemeka isawazishwe miguu.

Gesi pungufu ina sura yake: kompresa haizimi, kondensa haipati joto, na evapareta inaganda kipande kidogo cha mwanzo tu. Draya au kapilari iliyoziba huonyesha sura inayokaribiana na hiyo, kwa hiyo fundi asikimbilie mtungi. Ikithibitika ni gesi, tafuta tundu kwa nitrojeni na povu la sabuni, lizibe, badilisha draya, nyonya hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha jaza kwa mizani kufuata gramu za kwenye kibandiko. Kujaza kwa kukisia, kwa kusikiliza mlio, hakutoshi pale ambapo gramu 10 zinabadilisha kila kitu.

Aina ya gesi iheshimiwe. R12 iliondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. R134a nayo inapunguzwa kufuatia makubaliano ya Kigali ya 2016, kwa kuwa inapasha dunia joto. Friji ya R600a usiitie R134a: kompresa na mafuta yake havikutengenezwa kwa hiyo. Gesi ya kupikia isiingizwe kwenye friji yoyote ya mteja.

Wanaonunua friji za mitumba kutoka Ulaya wasome herufi kwenye kibandiko. SN na N zimekusudiwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Kwa Januari yetu, tafuta T au ST.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo. Kila ukimaliza kazi, bandika karatasi nyuma ya friji: tarehe, aina ya gesi, gramu ulizotia, na mahali palipovuja. Nanyi wenye friji, msilipe mpaka mmeiona imebandikwa.